Mtoto wa Zizi, Mtoto wa Daftari: Siri ya Ukoo na Unyanyapaa wa Uzazi Nje ya Ndoa miongoni mwa Wakatoliki wa Nyakunguru, Mkoani Mara

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna siri ya uzazi nje ya ndoa inavyojengwa, inavyotunzwa na inavyodumu katika familia za Kikatoliki za Nyakunguru, katika wilaya ya Tarime. Data zimetokana na uchanganuzi wa matini za sheria za Kanisa na za nchi, maandiko ya kiethnografia kuhusu Wakurya, pamoja na tukio moja la ukoo wa mwandishi. Makala yanadai kwamba siri hiyo haizaliwi na mimba yenyewe. Huzaliwa pale ambapo mifumo mitatu ya kumtambua baba, yaani zizi, daftari la ubatizo na sheria ya serikali, inatoa majibu yasiyokubaliana kuhusu mtoto mmoja. Aidha, yanaonesha kwamba sehemu kubwa ya unyanyapaa unaoendelea leo inalingana na kanuni ambazo Kanisa lenyewe limekwisha kuzifuta.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2019 mwandishi wa makala haya alikabidhiwa na wanaukoo kazi ya kuandika wasifu wa bibi yake mzaa mama, ili usomwe baada ya Misa ya mazishi. Kazi hiyo ni ya kawaida kwa yeyote anayehesabiwa katika ukoo kuwa amesoma. Huandikwa mwaka wa kuzaliwa, ubatizo, ndoa, maradhi na, mwishoni, idadi ya watoto na wajukuu alioacha marehemu. Idadi ndiyo iliyoleta tatizo. Usiku wa matanga, mdogo wake marehemu alimwita mwandishi nyuma ya jiko, akamwambia kwamba marehemu alizaa watoto wanane, si saba. Wa kwanza alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla marehemu hajaolewa, akalelewa na wazazi wa marehemu kama mtoto wao wa mwisho. Mzee huyo alikuwa ameketi chini ya turubai, katika safu ya kaka za marehemu. Wajukuu wote tulimwita babu. Kwa damu, alikuwa mjomba wetu.

Kesho yake wasifu ulisomwa. Idadi iliyosomwa ilikuwa saba.

Tukio hili linaelezwa kwa ridhaa ya mzee huyo, bila kutaja jina lake, kijiji wala parokia, na baadhi ya vitambulisho vimebadilishwa. Halitolewi kama ushahidi wa kitakwimu. Linatumika kwa sababu linaibua swali ambalo matini za sheria peke yake haziwezi kuliibua: kama watu wazima wote wa ukoo walijua, siri hii ilikuwa ikifichwa kwa nani? Na kwa nini iliendelea kufichwa kwa zaidi ya miaka 60, hata mhusika mwenyewe alipokuwa na wajukuu?

Maelezo yaliyozoeleka ni mawili. La kwanza linadai kwamba aibu ya kuzalia nyumbani ni ya mila, na kwamba Ukristo uliikuta. La pili linadai kinyume chake, kwamba jamii za Kiafrika hazikujua mtoto haramu hadi wamisionari walipofika. Makala haya yanaona kwamba maelezo yote mawili ni mepesi mno. Ili kuelewa idadi ya saba, hatuna budi kuchunguza namna kila mfumo ulivyomtambua baba, kisha tutazame kilichotokea mifumo hiyo ilipokutana katika nyumba moja.

2.0 Ubaba wa zizi

Wakurya wanaishi pande mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya, wakiwa wakulima na wafugaji. Tafiti za msingi kuhusu familia zao upande wa Tanzania, hususan Rwezaura (1985) na Tobisson (1986), zinakubaliana juu ya jambo moja: ng'ombe wa mahari ndio wanaoamua mtoto ni wa nani. Aliyetoa ng'ombe ndiye mwenye nyumba, na watoto wanaozaliwa katika nyumba hiyo ni wake. Swali la nani alimtia mwanamke mimba lipo, lakini haliamui ukoo wa mtoto. Waswahili wa pwani wana methali isemayo kwamba kitanda hakizai haramu. Kwa Wakurya, tunaweza kusema kwamba nafasi ya kitanda katika methali hiyo inachukuliwa na zizi.

Msingi huu unaeleza mambo mawili yanayohusu mada yetu. Kwanza, mtoto wa msichana ambaye hajatolewa mahari huwa wa baba wa msichana. Hakuna ng'ombe waliomtoa mama yake katika boma la wazazi, kwa hiyo naye hajatoka. Kumlea mtoto huyo kama mdogo wa mama yake si uongo kwa mantiki ya zizi. Ni kumweka mahali ambapo mila imekwisha kumweka. Mzee anayezungumziwa katika makala haya alikuwa, kwa hesabu hiyo, kaka halali wa mama yake mzazi.

Pili, mantiki hiyohiyo ndiyo inayowezesha nyumba ntobhu. Katika mpango huo mwanamke, mara nyingi mwenye umri mkubwa na asiye na mtoto wa kiume, humtolea mahari mwanamke mwingine ili amzalie watoto watakaorithi nyumba yake. Mwanamume anayezaa na mke huyo hana dai juu ya watoto. Baba kisheria ni ng'ombe, na mwenye ng'ombe ni mwanamke. Watu wa nje huustaajabia utaratibu huu, lakini ndani ya mfumo wa zizi haupingani na kanuni yoyote.

Hata hivyo, haifai kuipamba mila. Msichana aliyezaa kabla ya kuolewa alipoteza thamani katika majadiliano ya mahari, na hasara hiyo haikuwa yake peke yake. Kwa kuwa ng'ombe wa dada ndio waliotumika kumwolea kaka, mimba ya dada iligusa ndoa ya kaka. Mara nyingi msichana kama huyo aliishia kuolewa na mzee mwenye wake wengine, au kuingizwa katika nyumba ntobhu bila kuulizwa sana. Mimba iliyoingia kabla ya msichana kutahiriwa ilihesabiwa kuwa jambo zito zaidi, kwa kuwa ilivunja mpangilio wa rika na unyago. Aibu, basi, ilikuwapo. Lakini ilimwelemea mama, na ilihusu ndoa yake na wakati wa uzazi wake. Mtoto, akishawekwa katika nyumba, alikuwa na malisho, jina na urithi. Kwa mantiki ya zizi, yeye mwenyewe hakuwa dosari iliyohitaji kufichwa.

3.0 Ubaba wa daftari

Wamisionari wa Maryknoll kutoka Marekani walianza utume wao katika eneo la Musoma mwaka 1946. Mwaka 1957 Musoma ikawa jimbo, na askofu wake wa kwanza akawa John Rudin, Mmaryknoll. Pamoja na zahanati na shule, walileta kitu ambacho hakikuwa na mfano katika maboma ya Wakurya, nacho ni daftari la ubatizo. Mzee wa mila hukumbuka mahari, na kumbukumbu yake inaweza kujadiliwa. Daftari halijadiliwi. Kilichoandikwa siku ya ubatizo humfuata mtu katika komunyo ya kwanza, kipaimara na ndoa, kwa sababu kila hatua hudai cheti kinachotolewa kutoka katika mstari uleule.

Wakati mzee wetu alipobatizwa, sheria iliyotumika ilikuwa Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917. Kanuni ya 777 iliagiza kwamba katika kumwandika mtoto asiye wa ndoa, jina la mama liandikwe iwapo umama wake unajulikana hadharani au iwapo yeye mwenyewe ataomba. Jina la baba lingeandikwa kwa masharti yanayokaribiana na hayo. Yasipotimia, mtoto aandikwe kuwa wa baba asiyejulikana, au wa wazazi wasiojulikana. Maneno hayo yalikusudiwa kuzuia kusingiziana. Lakini katika jamii ambamo kila mtoto ana nyumba, kuandikwa kuwa wa baba asiyejulikana ni sawa na kuandikwa kwamba huna mahali pa kuzikwa.

Madhara yake hayakuishia kwenye maandishi. Kanuni ya 984 ya Mkusanyo huo iliwahesabu wasio wa ndoa kuwa na kasoro iliyowazuia kupokea daraja takatifu, iwe kasoro hiyo inajulikana hadharani au ni ya siri, isipokuwa wawe wamehalalishwa au wameweka nadhiri kuu. Kwa uaskofu na ukardinali masharti yalikuwa makali zaidi, kwani ilitakiwa mtu awe amezaliwa ndani ya ndoa halali. Ni muhimu kuzingatia hayo maneno mawili, hadharani na siri. Sheria ilitambua kwamba siri ingekuwapo, na ikasema kwamba siri haiondoi kasoro. Kwa mara ya kwanza, mtoto mwenyewe, na si mama yake tu, akawa amebeba alama.

Hapa ndipo siri ya Nyakunguru ilipopata sababu. Babu na bibi waliompeleka mjukuu kwenye ubatizo walikuwa na njia mbili: kumwacha aandikwe kuwa wa baba asiyejulikana, au kujiandikisha wao kama wazazi. Cheti cha ubatizo cha mzee anayezungumziwa kinawataja babu na bibi yake kuwa baba na mama. Kwa zizi, maandishi hayo ni sahihi. Kwa daftari, si kweli. Kilichokuwa utaratibu wa kawaida wa ukoo kiligeuka siku hiyo kuwa jambo linalopaswa kufichwa, kwa kuwa sasa kulikuwa na mahali palipoandikwa kinyume chake.

Mkusanyo wa mwaka 1983 ulibadili mengi. Kasoro ya kuzaliwa nje ya ndoa haimo tena miongoni mwa vizuizi vya daraja takatifu. Kanuni za 1137 hadi 1140 bado zinatofautisha watoto wa ndoa na wasio wa ndoa, lakini zinaeleza kwamba mtoto huhalalishwa wazazi wake wakifunga ndoa baadaye, na kwamba waliohalalishwa ni sawa na wengine mbele ya sheria. Kanuni ya 877, kifungu cha 2, inashughulikia uandikishaji. Jina la mama linaandikwa iwapo umama wake unajulikana hadharani, au akiomba kwa hiari kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili. Jina la baba linaandikwa iwapo kuna hati ya serikali inayothibitisha, au akikiri mwenyewe mbele ya paroko na mashahidi wawili. Pasipokuwa na hayo, linaandikwa jina la mbatizwa tu, bila dokezo lolote kuhusu wazazi. Maneno "baba asiyejulikana" yameondolewa, na nafasi yake imeachwa tupu.

Mabadiliko hayo ni ya huruma, lakini nafasi tupu nayo husomeka. Katika cheti chenye mstari wa "jina la baba", mstari usiojazwa humweleza msomaji kilekile ambacho maneno yaliyofutwa yalieleza. Tatizo ni kubwa zaidi kwa watoto wa nyumba ntobhu. Kanisa linaitambua ndoa kati ya mwanamume na mwanamke tu, kwa hiyo mama wa watoto hao ni mwanamke asiyeolewa. Mtoto ambaye ng'ombe wake wametolewa wote, na ambaye kwa mila hana upungufu wowote, anaingia daftarini akiwa na pengo.

Kwa upande wa mama, unyanyapaa umedumu katika mazoea kuliko katika sheria. Tarehe 13 Desemba 2023 Idara ya Mafundisho ya Imani ya Vatikani ilimjibu kwa barua askofu mmoja wa Jamhuri ya Dominika. Askofu huyo alikuwa na wasiwasi kwamba akina mama wasio na waume wanajizuia kupokea komunyo kwa kuogopa ukali wa mapadre na wa viongozi wa jumuiya. Jibu lilikuwa wazi: mwanamke aliyezaa nje ya ndoa, akiwa ameungama, anaweza kuijongea komunyo kama mwamini mwingine yeyote, na ujasiri wake wa kulinda uhai na kulea mtoto unapaswa kuheshimiwa. Ukweli kwamba barua kama hiyo ilihitaji kuandikwa unaonesha kwamba woga unaweza kuishi muda mrefu baada ya sheria iliyoulea kuondoka.

4.0 Ubaba wa serikali

Mfumo wa tatu umebadilika mara nyingi zaidi, na kila badiliko limeongeza tabaka katika siri. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililokusudiwa kuweka pamoja mila za jamii zinazofuata ukoo wa baba, liliendeleza wazo kwamba mtoto wa msichana asiyeolewa ni wa upande wa mama. Lilimruhusu baba kumhalalisha kwa kumwoa mama, au kwa kulipa Shilingi 100 kwa baba wa msichana kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Zizi likageuzwa kuwa fedha taslimu, tena kwa muda maalumu. Aliyechelewa alipoteza nafasi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilieleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo nyumba ntobhu ilibaki nje ya ndoa ya serikali kama ilivyobaki nje ya ndoa ya Kanisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikwenda mbali zaidi. Kifungu cha 6 kinampa mtoto haki ya jina, uraia na kuwajua wazazi wake wa kumzaa pamoja na familia pana. Kifungu cha 10 kinakataza kumnyima mtoto kunufaika ipasavyo na mali ya mzazi. Kwa mara ya kwanza, kumjua baba wa damu kuliwekwa kuwa haki ya mtoto. Zizi halikuwahi kuahidi haki hiyo, na daftari liliiacha mikononi mwa wazazi.

Wakati huohuo, sheria nyingine ilisukuma upande wa pili. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Lengo ni kumlinda msichana, na hakuna sababu ya kulipinga. Lakini athari yake kwa siri ni dhahiri. Familia inapolitaja jina la baba wa mtoto, inamtaja mshitakiwa. Kama baba huyo ni kijana wa jirani, ndugu wa mkwe au mtu ambaye ameahidi ng'ombe, kishawishi cha kunyamaza ni kikubwa. Kwa upande wa msichana, ilikuwa kawaida kwa muda mrefu kumwondoa shuleni mwanafunzi mwenye mimba. Mwezi Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka kwamba waliozaa hawatarudi katika shule za serikali, na mwezi Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba wanaweza kurudi. Msichana aliyezaa mwaka 2018 na mdogo wake aliyezaa mwaka 2022 walikutana na serikali mbili tofauti ndani ya nyumba moja.

5.0 Siri inavyotunzwa na inavyofichuka

Siri ya aina hii haitunzwi kwa kutosema. Inatunzwa kwa kusema, yaani kwa maneno ya udugu. Kila alipoitwa "babu" na wajukuu, "mjomba" na watoto wa marehemu, na "kaka" na mama yake mzazi, mzee huyo aliwekwa upya mahali ambapo cheti chake kilimweka. Mtafiti anayekusanya istilahi za udugu bila kujua hili ataandika nasaba ambayo ni sahihi kijamii na yenye kosa la kizazi kizima kibaiolojia. Watoto hawakudanganywa kwa simulizi lolote. Walifundishwa salamu.

Zipo nyakati tatu ambapo salamu hazitoshi. Wakati wa kwanza ni matangazo ya ndoa. Kwa kawaida ya parokia zetu, majina ya wachumba na ya wazazi wao husomwa kanisani kwa Jumapili tatu, na waamini huombwa kutoa taarifa wakijua kizuizi. Lengo lake ni zito. Kanuni ya 1091 inabatilisha ndoa ya watu wa damu moja katika mstari wa moja kwa moja, na kwa ndugu wa pembeni hadi daraja la nne, ambamo wamo watoto wa kaka na dada. Inakataza pia kuruhusu ndoa pale palipo na shaka kwamba wachumba ni wazazi na watoto, au ndugu wa mzazi mmoja. Mila ya Wakurya nayo inakataza kuoana ndani ya ukoo. Lakini zuio la damu, liwe la Kanisa au la mila, hufanya kazi pale tu damu inapojulikana. Kwa mzee wetu, upande wa mama ulilindwa, kwa kuwa yeye na watoto wa marehemu walihesabiana kuwa ndugu vyovyote vile. Upande wa baba haukulindwa na yeyote. Watoto wake watano walioa na kuolewa bila mtu kuweza kusema ni ukoo upi wauepuke. Huu ndio uzito halisi wa siri, nao unawaangukia wasiohusika na mwanzo wake.

Wakati wa pili ni mirathi. Kwa zizi, mzee alirithi kwa babu yake kama mtoto. Ndugu mmoja akienda mahakamani na kudai kwamba mirathi igawanywe kwa watoto wa kuzaa tu, cheti cha ubatizo kitamtetea mzee na tumbo la mama yake litamshitaki. Mara ngapi ugomvi wa shamba umeanza na sentensi "wewe si mtoto wa hapa", kila mzee wa baraza anaweza kueleza.

Wakati wa tatu ni msiba. Wasifu wa marehemu ni hati ya ajabu. Si ya Kanisa wala ya serikali, lakini husomwa mbele ya padre, mwenyekiti wa kijiji na ukoo mzima. Ni mahali pekee ambapo mifumo yote mitatu inaketi chini ya turubai moja na kudai idadi moja. Ndiyo maana siri iliyovumilika kwa miaka mingi hubana koo usiku wa matanga.

Mwandishi alipomwuliza mzee, miezi kadhaa baadaye, iwapo alijua, alijibu kwamba alijua tangu maandalizi ya ndoa yake, pale dada wa marehemu alipomweleza. Alinyamaza ili mama yake asiulizwe maswali mbele ya mumewe. Bibi naye, kwa maelezo ya mdogo wake, alinyamaza ili mtoto asiitwe haramu. Kila mmoja alimlinda mwenzake kwa kumkosa. Jibu la swali letu la mwanzo linapatikana hapa: siri haikufichwa kwa wasiojua. Ilikuwa makubaliano ya wanaojua, kwamba jambo hili lisiingie katika maandishi wala katika sauti ya hadhara.

6.0 Mwangwi katika fasihi na kwingineko

Fasihi ya Kiswahili imeigusa mada hii kutoka kisiwa kisicho mbali na Mara. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), inasimulia familia ya Kikatoliki ya Ukerewe ambamo ukali wa baba, Zakaria, haumlindi binti bali unamfundisha kuficha. Jina la riwaya ni sifa ya Bikira Maria katika Litania ya Loreto, na pengo kati ya sifa hiyo na maisha ya Rosa ndilo linalobeba maana ya kazi nzima. Rosa hazalii nyumbani. Anatoa mimba, na mwishowe anajiua. Kwa muda riwaya hiyo ilizuiwa mashuleni. Kwa mada yetu, inaonesha upande wa siri ambao tukio la ukoo wa mwandishi haliuoneshi. Pale ambapo hakuna bibi wa kusema "mtoto huyu ni wangu", siri inaweza kumaliza uhai. Kulelewa kama mdogo wa mama yake, pamoja na gharama zake zote, kulimpa mtoto wa Nyakunguru nafasi ya kuishi.

Ulinganisho na Ireland nao unasaidia. Huko aibu ileile ya Kikatoliki ilikabidhiwa kwa taasisi. Ripoti ya tume ya uchunguzi iliyotolewa Januari 2021 ilieleza kwamba wanawake wapatao 56,000 wasioolewa na watoto wapatao 57,000 walipitia nyumba ilizozichunguza kati ya mwaka 1922 na 1998, na kwamba watoto wapatao 9,000 walifariki. Serikali iliomba radhi, na mwaka 2022 ikapitisha sheria ya kuwapa waliolelewa mbali na wazazi wao haki ya kuona taarifa za kuzaliwa kwao. Siri ya taasisi inaweza kufunguliwa kwa sheria, kwa sababu ina makabati na funguo. Siri ya Nyakunguru ilitunzwa na nyumba, kwa upendo na kwa woga, na haina kabati. Inakufa na shangazi wa mwisho anayejua.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kuzaliwa kwa mtoto kabla ya ndoa, peke yake, hakukutosha kuzaa siri. Zizi lilikuwa na jibu lake, gumu kwa mama lakini lenye nafasi kwa mtoto. Daftari la mwaka 1917 lilimpa mtoto alama, na familia ikajibu kwa kuandikisha wazazi wengine. Sheria ya nchi imempa mtoto haki ya kujua, na wakati huohuo imefanya kumtaja baba kuwe hatari. Unyanyapaa unadumu kwa sababu kila mfumo unapobadilika, familia huendelea kuishi kwa kuogopa toleo lake la zamani.

Mambo matatu yanafuata. Kwa maparoko na makatekista, kanuni ya 877 tayari inampa mama haki ya kuomba jina lake liandikwe. Haki hiyo ifundishwe katika mafundisho ya ubatizo, na wanaoitumia wasiulizwe zaidi ya inavyotakiwa. Kwa watafiti wa lugha na fasihi simulizi, istilahi za udugu na vyeti vya ubatizo vichukuliwe kuwa ushahidi wa kile ambacho familia iliamua kusema, si ushahidi wa damu. Kwa wale wanaoandika wasifu wa marehemu, swali halina jibu moja. Kutaja kunaweza kuwa haki, na kunaweza kuwa ukatili, kutegemea ni nani aliye hai na nani ameulizwa.

Mwandishi hakumwuliza aliyehusika kabla ya kuandika saba. Hilo ndilo kosa ambalo makala haya hayawezi kulirekebisha. Mzee alipoulizwa ikiwa angependa nakala ya wasifu iliyotunzwa katika ukoo isahihishwe, aliomba apewe muda. Baada ya wiki mbili alipiga simu akasema iandikwe wanane, bila majina.